Gari la Kiti Kimoja

Bwiza, Bujumbura
11 Februari 2024

Yaya Lisette,

Nakusalimu wewe dada yangu mkubwa, na shemeji Gélase, na binti yangu Benite, ambaye najua anaisoma barua hii akiwa ameegemea bega lako. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Jirani yetu mama Christa amepata mjukuu wa tatu. Mvua inanyesha kila siku mchana, na petroli hakuna. Foleni ya kituo cha karibu imezunguka kona mbili, na kuna madereva wameanza kufahamiana kuliko wanavyowafahamu wake zao.

Unajua kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu tunaulizana habari, tunajibizana salama, mtandao unakatika, na kila mmoja wetu anashukuru kimoyomoyo.

Nimeuza teksi. Miaka kumi na saba ya kubeba watu imenitosha. Sasa natengeneza injini katika garaji ya Léonce kule Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, na kwa pesa za pembeni nimejinunulia gari langu mwenyewe, Toyota Celica ya milango miwili, ya mwaka 1994. Ilikuwa imeachwa uani kwenye nyumba moja ya Kiriri, mwenyewe kahamia Kanada, na kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Usicheke. Injini yake nzima.

Tunaigeuza gari la uwanjani. Kuna klabu ya wapenda magari hapa mjini. Mara moja kwa mwaka wanapewa uwanja wa lami wa ghala la pamba lililofungwa, kwenye barabara ya Gatumba. Wanapanga matairi kuwa kona, na kila mtu anazunguka peke yake akishindana na saa. Mwaka huu ni Jumamosi tarehe 31 Agosti. Nataka niwe tayari siku hiyo, na sitaki kitu kingine kikubwa zaidi ya hicho.

Nimempa mama Namegabe gauni la Benite. Ni yule wa vitenge, anayevuka Gatumba na kupanda boti Uvira mpaka kwenu Kalemie. Lile uliloniuliza wakati wa Noeli nitalijibu barua ijayo.

Mdogo wako,
Patrick


Kalemie
10 Machi 2024

Mdogo wangu Patrick,

Salamu zako zimefika. Sisi tunaendelea. Gélase bado anakwenda kazini relini kila asubuhi, treni ije isije. Cherehani yangu imevunjika mkanda nikashona kwa mkono wiki nzima, na macho yangu si ya kazi hiyo tena.

Gauni limefika pia. Ni zuri, ila limembana mabegani na halifiki magotini. Ulimnunulia mtoto wa miaka saba. Huyu ana tisa.

Nimemsomea Gélase habari ya mbio zako. Amecheka mpaka akakohoa. Anauliza, mbio gani hizo ambazo huna mtu wa kumpita? Mimi namjibu kwamba wewe tangu utoto ulikuwa unapenda kushindana na vitu visivyokujibu. Kumbuka ukuta wa shule ya Kadutu, ulivyoupiga mpira mpaka padri akautaifisha.

Lile la Noeli sitaki kulirudia kwa maneno makali. Benite alikuja kwangu Septemba 2022, baada ya kumzika mkeo Daphrose, na ulisema ni kwa miezi miwili. Sikuhesabii. Chumba kipo, chakula kipo, hatuna watoto wengine wa kumbana. Kama bado hujawa tayari, hujawa tayari. Nauliza tu ili nijue utamchukua lini.

Yeye mwenyewe anauliza kitu kidogo zaidi: gari lako jipya lina viti vya nyuma? Mjibu hilo, halitakuchosha.

Dada yako,
Lisette


Bwiza, Bujumbura
14 Aprili 2024

Yaya Lisette,

Nakusalimuni wote. Pole kwa cherehani. Hapa ziwa limepanda, Gatumba watu wanaanza kubeba magodoro kichwani, na sijui barua hii itapita lini. Mgongo wangu uko vilevile.

Kazi ya gari inakwenda. Watu wanadhani gari la mbio unaliongezea vitu. Uongo, unalipunguza. Tumetoa redio, mashine ya baridi, tairi la akiba, mazulia. Chini ya mazulia kuna lami nyeusi waliyobandika kiwandani ili abiria wasisikie kelele. Nimeibandua kwa patasi siku tisa, nimepiga magoti, mpaka Léonce akauliza kama nasali. Vyote tuliviweka kwenye mzani wa magunia wa ghala la jirani. Kilo mia na kumi. Léonce anasema kila kilo ni pumzi ya injini.

Nikueleze jambo moja, labda utanielewa. Unajua mtaa wetu. Mwenye gari hapa, gari si lake. Mtu akifiwa anagonga kwako. Mama akishikwa na uchungu wanagonga kwako. Harusi, kipaimara, mgonjwa, godoro, mbuzi wa posa. Hukatai, maana siku ya msiba wako utabaki na jeneza mwenyewe. Kwa miaka kumi na saba sikukataa hata mara moja, na nilikuwa najivunia.

Sasa mwezi uliopita mzee Hyacinthe wa kwaya amekuja garaji. Amesikia nina gari la milango miwili. "Patrick," akasema, "harusi ya kijana yangu iko mwezi wa sita. Gari kama hii ni muzuri, bibi-harusi ataonekana." Nikamfungulia mlango. Akaona nyuma bati tupu na nyaya, na mbele viti viwili tu. Akaingiza kichwa ndani. "Sasa mutu atakaa wapi?" Nikamwambia nyuma hakuna mahali. Akaondoka bila kukasirika, na mimi, Yaya, nilijisikia vizuri. Ilikuwa mara ya kwanza kujisikia vizuri kwa karibu miaka miwili.

Kiti cha abiria cha mbele nilikuwa nimekiacha. Baada ya wiki moja nacho nikakifungua.

Mwambie Benite viti vya nyuma havipo.

Patrick


Kalemie
26 Mei 2024

Mdogo wangu Patrick,

Barua yako imechukua wiki tano. Mama Namegabe alikwama Gatumba, maji yaliingia mpaka kwenye stoo yake na alipoteza vitenge. Amefika amekonda. Sisi ni wazima. Gélase alipata malaria, sasa anakula tena.

Benite alisoma ule mstari wako peke yake. Jioni ndipo akaniuliza kama gari likitolewa viti linaharibika. Nikamwambia hapana. Akasema basi vinaweza kurudishwa, akaendelea kuchambua mboga.

Amekuwa wa pili darasani. Anapenda hesabu, hapendi katekisimu. Kuna jambo moja tu linalonisumbua, na nilikuuliza mwaka jana ukapita pembeni. Hapendi simu. Ikilia nyumbani anatoka nje, anakaa kwenye ngazi mpaka nimalize kuongea. Wenzake wanapigania simu, huyu anaikimbia. Mama yake hamtaji hata kidogo.

Patrick, mimi ndiye niliyekubeba mgongoni. Nakufahamu ukiwa umechoka na nakufahamu ukiwa unajificha. Unanieleza habari za lami na kilo, kurasa mbili, na mtoto anapata mstari mmoja wa mwisho. Ni nini usichoniambia?

Shule hapa wanaandikisha mwezi wa nane. Ukitaka abaki, andika neno moja tu nami nitampeleka kumwandikisha. Sitakulaumu, na wala hatalala njaa.

Lisette


Bwiza, Bujumbura
21 Julai 2024

Yaya Lisette,

Salamu kwako na kwa Gélase, nashukuru kwamba amepona. Mama Christa anakusalimu. Mzee Hyacinthe alimwoza kijana wake kwa gari la kukodi, nilialikwa, nikaenda, nikala.

Nianze na gari kwa sababu ndilo rahisi. Gari la uwanjani lazima liwe na fremu ya mabomba ndani, ili likipinduka paa lisikuponde kichwa. Sisi tuliichomelea kwa mabomba ya maji, na tulikuwa tumeipaka rangi tayari. Melchior, mkaguzi wa klabu, akaigonga kwa spana mara mbili. "Hii ni bomba ya robinet," akasema. "Ukipinduka itakukunja pamoja nayo." Tukaikata yote, tukaanza upya na mabomba mazito yasiyo na mshono, yaliyotoka kwenye winchi ya zamani. Halafu tukajaribu breki kwenye kiwanja tupu cha jirani. Mzunguko wa nne mafuta ya breki yakachemka, pedali ikazama mpaka sakafuni, nikasimama kwenye majani. Tumebadilisha mafuta na pedi. Petroli naikusanya chupa kwa chupa. Nina lita kumi na nane.

Sasa lile lingine.

Ile Jumamosi aliyokufa Daphrose nilikuwa na harusi. Nilikuwa nawapeleka ndugu za bibi-harusi Gatumba, watu wanne nyuma na shangazi yao mbele na ngoma juu ya mapaja yake. Benite alipiga simu. Alisema mama hapumui vizuri, dawa ya pumu imekwisha. Nikamwambia, "Nakuja, nishushe watu kwanza." Akapiga tena tulipofika kwenye daraja la mto Rusizi. Nikamwambia vilevile. Kugeuza palepale ilikuwa inawezekana, Yaya. Barabara ilikuwa wazi. Lakini nyuma walikuwa wanaimba, na niliona aibu kuwaambia washuke njiani na nguo zao. Mara ya tatu alipopiga sikupokea, maana nilikuwa nashusha ngoma.

Nilikuta Daphrose ameshatolewa nyumbani juu ya baiskeli ya jirani. Hakufika hospitali. Benite alikuwa amesimama mlangoni na simu mkononi. Hakunilaumu, hakulia, alinipa simu tu. Alikuwa na miaka saba.

Mtaa wote ulinipa pole. Wale ndugu wa bibi-harusi walikuja msibani wakakaa mstari wa mbele. Hakuna anayejua kuhusu simu tatu isipokuwa mimi na yeye, na sasa wewe. Sikumleta kwako kwa sababu sikujua kusuka nywele, kama nilivyosema. Nilimleta kwa sababu nilikuwa siwezi kula naye meza moja.

Nimechoka sana. Nataka siku moja niendeshe bila mtu ndani. Umeniomba neno moja, ndilo hili: mwandikishe huko.

Patrick


Kalemie
26 Agosti 2024

Patrick,

Sitaandika salamu nyingi, mleta barua hii atakusalimu mwenyewe. Ni Benite. Wanapanda boti kesho na mama Namegabe, na Mungu akipenda watavuka Gatumba Jumamosi. Najua ni siku ya mbio zako. Mama Namegabe hana safari nyingine ya boti kabla ya shule kufunguliwa. Nimemwelekeza amwache kwa mama Christa mpaka urudi. Sikukupigia, kwa sababu ungesema sawa na mtandao ungekatika.

Nikueleze kwa nini nimekaidi neno lako. Nilisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye cherehani. Nilisoma jinsi Daphrose alivyokufa na nililia. Kisha nikafika pale ulipoandika nimwandikishe huku, na nilifurahi. Nilijiona mwenyewe nikifurahi, Patrick, na machozi bado yako usoni. Niliogopa.

Sasa nimezisoma upya barua zangu kichwani. Chumba kipo. Sikuhesabii. Sitakulaumu. Kila nilipokuuliza, nilikuachia mlango wazi wa kukataa, na nilisimama pembeni nikiomba upite. Miaka ishirini na miwili mimi na Gélase tumekaa kwenye nyumba yenye chumba cha watoto kisicho na mtoto. Ukanipa huyu. Kama ungemtaka kwa nguvu ningekupa siku ileile, lakini hukumtaka kwa nguvu, nami sikukusaidia.

Sikumwambia uliyoniandikia. Hayo ni yako na yake.

Nywele nimemsuka za kukaa wiki tatu. Baada ya hapo utajifunza. Gélase tangu asubuhi anapiga msumari kwenye sanduku la Benite ambalo halina tatizo.

Usinijibu haraka.

Lisette


Bwiza, Bujumbura
2 Septemba 2024

Yaya Lisette,

Amefika salama, nianze na hilo. Amekula, ameoga, ameongea na mama Christa kuliko alivyoongea nami. Anasema Gélase alimpa filimbi ya reli na nisiipige mimi.

Nakuandikia yote, hata usiponiuliza.

Jumamosi saa nne asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya kuanza, helmeti kichwani, mkanda umenibana kifua. Mbele yangu yalibaki magari mawili. Léonce alikuwa ameshika simu yangu, kwani Melchior hataki simu ndani ya gari. Akaja dirishani. "Ni mama Namegabe. Mizigo yake imezuiwa na watu wa forodha. Anasema mutoto wako iko naye pale mpakani, hana mutu wa kumuleta."

Sikujua hata kwamba mtoto wangu yuko njiani, wala barua yako hii sikuwa nimeiona. Na unajua nilisema nini, Yaya? Nilimwambia Léonce, "Mwambie nakuja, nimalize mzunguko kwanza."

Nilisema hivyo. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Léonce akarudi na simu sikioni kulifikisha neno hilo, na gari la mwisho mbele yangu likaondoka, nami nikasogea mpaka kwenye mstari mweupe. Nilikaa pale nikisikia nilichosema. Nilisikia kabisa, kwa sauti yangu.

Melchior akashusha bendera. Nilikanyaga, nikaipita kona ya kwanza bila kukata, nikatoka getini. Walidhani breki zimekufa. Kazi ya miezi saba, na mzunguko hata mmoja sikuupiga. Nilifika mpakani kwa dakika kumi, gari linapiga kelele, polisi wananiangalia tu.

Benite alikuwa amekaa juu ya bunda la vitenge, na barua yako ameishika kwa mikono miwili. Amekuwa mrefu. Magoti yake sikuyatambua. Alisimama akanipa mkono, "Bonjour, papa," kama mtu anayemsalimia mwalimu. Nikamwomba msamaha kwa kumngojesha. Akasema hakungoja sana, na kwamba si yeye aliyepiga simu. Alimkataza mama Namegabe asipige. Alimwambia papa atakuwa na watu wa kubeba.

Nilikaa chini, pale kwenye vumbi, na suti ya mbio. Mama Namegabe akageuka akajifanya anahesabu mabunda.

Benite alilizunguka gari mara moja, kisha akachungulia ndani. Haliwezi kubeba mtoto, na sikujaribu. Nimeliacha kwa binamu wa mama Namegabe palepale Gatumba, lipo mpaka leo. Tulichukua teksi. Dereva ananijua, alinifungulia mbele kama mwenzake. Nikamwambia hapana, nikakaa nyuma na binti yangu. Nilikuwa sijakaa nyuma kwenye teksi tangu nilipopata leseni. Kumbe mtu akikaa nyuma haoni barabara, anaona tu shingo ya dereva na kumwamini.

Tulipoliona daraja, alianza kuongea huku akiangalia dirishani.

"Siku ile mama aliuliza uko wapi. Mi nilimuambia uko njiani. Ilikuwa kweli?"

Dereva alipunguza redio. Ningeweza kusema ndiyo, Yaya. Daphrose yuko kaburini, Jumamosi ile imepita, na ndiyo moja ingempa mtoto usingizi. Nilijua pia kwamba ataishi na mimi miaka mingi, na atakuwa ananiangalia.

"Apana," nikamwambia. "Nilikuwa bado sijageuka. Nilikuwa ninashusha watu."

Akatikisa kichwa polepole, mara mbili, namna mtu anavyofanya akipata jibu la hesabu ambayo alikuwa ameshaipiga mwenyewe. Tukavuka maji. Upande wa pili akaniuliza nyumbani kuna nini cha kupika.

Mdogo wako,
Patrick